Mshono wa Fundi Mwingine

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Nikatoka kwa sababu mwalimu alikuwa anapiga sana na baba yangu kule Mwandiga alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa msumeno. Kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya hapa, ipite tu. Maboti yangu hayakukaa vibaya. Nimeunda maboti pale ufukweni Kibirizi miaka arobaini na kitu, na mengine bado yanabeba watu na dagaa mpaka leo. Aliyenifundisha ni mmoja, na vifaa nilinunua mwenyewe, kimoja kimoja. Nyumba hii ya Buzebazeba niliijenga kwa patasi. Sisemi hivyo ili mnisifu. Nasema ili mjue anayezungumza na ninyi siyo mtu wa kubahatisha.

Ninyi vijana mnanipita hapa nje kila siku. "Shikamoo mzee," na kabla sijasema marahaba mmeshafika kona. Siwalaumu, mna haraka zenu. Ila juzi binti mmoja wa kwaya alisimama. Akaniuliza, "Mzee Damiani, wewe unajuaje kama umeokoka kweli? Mimi natubu leo, kesho najiona yule yule." Nikavuta pumzi nimjibu. Simu yake ikalia, akaniomba radhi, akaenda. Jibu likabaki kwangu, na nyumba hii haina mtu mwingine wa kulipokea. Mke wangu Felista alifariki, watoto wako mbali na kazi zao. Basi nimechukua kalamu.

Nawaambia mapema ili msije mkadhani ni hadithi ya kuwachekesha: kuna mtu alikufa maji kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Miaka mingi nilitaka kujua neno moja tu, kama Mungu amenisamehe kweli au ananisubiri mbele.

Lakini lazima kwanza niwaeleze boti, maana kitu kingine sikijui.

Boti la mbao halizuiwi maji na mbao peke yake. Kati ya ubao na ubao kuna mshono. Unachukua pamba, unaisokota kama uzi mnene, unailoweka kwenye mawese, halafu unaipigilia ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nyundo ya chuma inakata pamba. Ukipiga kidogo inatoka, ukipiga sana unatanua mbao, na hapo umejiharibia. Sikio ndilo linakwambia. Pamba ikishiba, mlio unabadilika, unakuwa mzito. Siku hizi mna gundi za kopo na maboti ya plastiki yanayometa kama sahani. Mnabonyeza kopo, linatoa povu, mnasema tayari. Haya. Mimi nilikuwa natembea na mlio wa pamba masikioni, Felista akiniita chakula sisikii, anasema ameolewa na mtumbwi.

Fundi wangu aliitwa Mulumba. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa kijana, mrefu, mkavu, mkali wa maneno. Alikuwa Mkristo wa kuimba. Akipigilia pamba anaimba, na wimbo ukikatika ujue umekosea wewe.

Boti la kwanza nililoziba mwenyewe tulilishusha majini asubuhi. Nikasimama pembeni nimekunja mikono kama mwenye ziwa. Baada ya muda mfupi nikaona maji ndani. Yanapenya, yanachuruzika kwenye mishono yangu yote. Jasho likanitoka. Mulumba alikuwa amekwenda kutafuta ugali. Nikawaita wapagazi, tukalivuta boti mchangani, nikachukua ndoano nikaanza kuchomoa pamba ili nizibe upya. Nilikuwa nimechomoa upande mzima aliporudi.

"Weye! Unafanya nini pale?"

"Fundi, linavuja."

"Linavuja!" Akawageukia wapagazi. "Mumesikia? Boti imeingia ku maji, na maji imeingia ku boti. Huyu Muha amegundua kitu." Watu wakacheka mpaka mwenye samaki akaacha samaki wake. Kisha akaninong'oneza, na hapo hakuwa anacheka: "Mbao ilikuwa kavu. Inapaswa kukaa ku maji siku mbili, tatu. Inakunywa, inavimba, inabana pamba. Ile kuvuja ya kwanza si kazi kuharibika. Ni mbao inaanza kufunga. Weye umetoa pamba, sasa haitafunga milele."

Nilirudia upande mzima. Wapagazi waliniita Mgunduzi kwa miaka.

Na jambo la pili alilonifundisha ni desturi ya ufukwe ule. Mshono alioziba fundi mwingine haufunguliwi bila yeye mwenyewe kusimama hapo. Hata kama boti limeletwa kwako, hata kama mwenye boti anakulilia. Unamwita aliyeziba. Ukifungua kimya kimya umemtangaza kwamba hajui kazi. Watu walishikana mashati kwa jambo hilo, na mimi mmojawapo. Kuna mtu aliwahi kufungua mshono wangu kwa siri. Nilimfuata mpaka nyumbani kwake nikiwa na nyundo mkononi. Sikumpiga. Lakini alihamia ufukwe mwingine.

Sasa Rajabu.

Rajabu alikuwa mvuvi wa Ujiji, mtu wa swala tano, mcheshi, na alikuwa rafiki yangu. Aliniagiza boti la dagaa. Nililiunda vizuri, mkiniamini, isipokuwa ubao mmoja. Nyuma, karibu na pale injini inapokaa, nilipungukiwa na ubao. Niliokuwa nao ulikuwa na fundo kubwa la mti, na fundo lenyewe lililegea, ukilisukuma kwa kidole linacheza. Ubao mwingine ulikuwa unakuja baada ya siku nne. Rajabu alikuwa ameshatangaza siku ya kushusha, na mimi nilikuwa na majivuno kwamba Damiani hachelewi. Nikachanganya vumbi la mbao na nta, nikajaza pembeni ya lile fundo, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ya bluu. Lilipendeza hata mimi mwenyewe nikashindwa kuona mahali.

Rajabu akapitisha kiganja pale pale. "Fundi, hapa pamelainika kama pamelambwa. Umetumia nini?"

"Mikono tu," nikasema.

Boti likafanya kazi misimu miwili. Siku moja walikuwa wanarudi kukishapambazuka, upepo ukawapiga, injini ikatikisa nyuma, na ule ubao ukaachia. Walikuwa wanne. Watatu walielea na madumu. Wa nne alikuwa Hamisi, mdogo wake Rajabu, kijana aliyekuwa ameoa mwaka ule. Hakupata dumu.

Watu wote walisema ni upepo. Vipande vililetwa na maji, mimi nikawa wa kwanza kwenda kuviangalia, na nikaliona lile tundu, duara, safi, fundo halipo. Nikakichukua kile kipande nikakitia kwenye moto wa kuchemshia nta. Halafu nikaenda msibani Ujiji, nikakaa na wanaume, nikala wali wa msiba, na Rajabu akanishika mkono akaniambia, "Ahsante fundi, umekuja." Nimekula vyakula vingi maishani. Ule bado nausikia kooni.

Baada ya hapo ndipo nilipomtafuta Mungu. Sikumtafuta kwa sababu nzuri. Nilimtafuta kama mtu anavyotafuta mahali pa kujificha mvua.

Kwenye mkutano wa injili pale pale ufukweni nilikwenda mbele, nikalia, nikabatizwa ziwani. Wiki mbili nilikuwa mwepesi. Wiki ya tatu mteja alinikasirisha, nikamtukana tusi la kwetu ambalo halina tafsiri, na usiku ule Hamisi akarudi kifuani. Nikasema kumbe haikushika. Nikaenda kanisa lingine kule Mwandiga, wao wana kisima cha tofali. Mchungaji akaniuliza, "Ndugu, umewahi kubatizwa?" Nikamjibu, "Kidogo." Akanizamisha. Miezi ikapita, nikajiona nina hasira ile ile, majivuno yale yale, na Hamisi yupo. Alipokuja mhubiri mgeni nikabatizwa mara ya tatu.

Felista alikuwa ananikaushia nguo. Akasema, "Baba Agnesi, mara ya nne waambie watie na sabuni."

Kila Jumapili mchungaji akiita wanaotaka kuokoka, mimi nimo. Mzee wa kanisa mmoja alinishika bega akaninong'oneza, "Fundi, leo kaa. Tuwaachie wageni nafasi." Watu walicheka nami nikacheka. Lakini nilikuwa naumia. Ninyi mnadhani mtu mpweke ni yule asiye na watu. Mimi nilikuwa na mke, watoto, mafundi, kanisa, na hakuna hata mmoja aliyejua nilikuwa nani. Niliacha kukaa na marafiki kwa kuogopa mdomo wangu. Nikimwona Rajabu anakuja na kanzu yake nageukia kwenye boti kana kwamba kuna kitu natafuta. Akaacha kunitembelea, na alikuwa na haki.

Mulumba wakati huo alikuwa ameshazeeka, haoni vizuri, ila alikuwa anakuja ufukweni kukaa juu ya magogo asikilize kazi. Alikuwa anajua nimebatizwa mara tatu, nani hakujua. Siku moja mchana, mafundi wamekwenda kula, akaniita.

"Damiani, unatafuta nini ku maji ya watu?"

Nikaanza kumzungusha. Akanikamata mkono, hakuniachia. Mwisho nikamwambia yote. Fundo, nta, rangi, kile kipande nilichochoma, wali wa msiba. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu kwa mwanadamu.

Hakuniambia pole. Akauliza, "Hiyo ulimwambia Mungu?"

"Kila usiku. Miaka sita."

"Mara ya kwanza alikuwa amelala?"

"Hapana, fundi. Ila bado najiona nina dhambi. Nina hasira. Nadhani haikushika."

"Nani aliziba?"

Sikuelewa.

"Nauliza nani aliziba. Huu wokovu wako ni kazi ya nani? Kama ni yako, Damiani, uogope sana, kwa sababu mi nakujua, weye ni mtu wa kupaka rangi. Lakini kama ni ya Yesu, ni yeye alitoa damu, ni yeye alimaliza, basi weye kila Jumapili unafanya nini? Unachukua ndoano, unafungua mshono wa fundi mwingine. Na yeye amesimama pale anakuangalia."

Vijana, mimi nilikuwa mtu wa kumfuata mwenzangu na nyundo kwa kosa hilo. Nilikaa chini mchangani.

Nikamuuliza, "Na haya maji ninayoyaona bado yanaingia?"

"Umesahau boti yako ya kwanza? Umeanza kufunga. Kaa ku maji. Ukiona tusi limetoka, tubu hilo tusi, leo, halafu endelea. Usivute boti yote mchangani."

Halafu akaongeza neno ambalo wengi hawapendi nikiwasimulia. "Na Rajabu?"

Nikasema, "Si umesema imekwisha?"

"Kwa Mungu imekwisha. Ndiyo maana unaweza kwenda. Mtu anaogopa kukatwa kichwa, hawezi kusema kweli. Weye nani atakukata sasa?"

Hapo ndipo wengi wanapochanganya, nami nataka mnisikie vizuri. Sikwenda kwa Rajabu ili nisamehewe na Mungu. Nilikuwa nimeshasamehewa. Kama ningekwenda kununua, ningekwenda na mbuzi na maneno mazuri, na ningerudi na hofu ile ile. Nilikwenda mikono mitupu kwa sababu sikuwa na kitu cha kuficha tena. Wanaposema Yesu amekuweka huru na dhambi, wengi wanadhani ni kwamba hutakosea tena. Mimi nilichokiona ni hiki: dhambi ilikuwa inaniamrisha, nyamaza, geuka, danganya, choma. Siku ile iliamrisha ninyamaze nami nikasema. Haikuwa bwana wangu tena.

Nilimkuta Rajabu kibarazani kwake anashona nyavu.

"Fundi Damiani! Leo umepotea njia?"

"Rajabu, lile boti halikuvunjwa na upepo." Nikamweleza. Sikupaka rangi neno lolote.

Aliendelea kushona kwa muda, matundu mawili, matatu. Kisha akaweka nyavu chini. "Nilikuuliza," akasema. "Kwa mkono wangu huu niligusa nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaja ukala."

"Nilikula."

"Kwa nini unaniambia sasa? Nilikuwa nimeshamwachia Mwenyezi Mungu, nimetulia."

"Kwa sababu ni kweli, na kweli ilikuwa ya kwako, mimi nilikuwa nimeishikilia."

"Na huyo Mungu wako amekusamehe?"

Nilitamani niseme natumaini. Ingeonekana ni unyenyekevu. Lakini nilikuwa nimekwenda pale kuacha uongo. Nikasema, "Amenisamehe."

Uso wake ukabadilika. "Basi nenda kakae naye," akasema. "Mimi siwezi. Ondoka kibarazani kwangu."

Nikaondoka. Kesho yake habari ilikuwa imefika Kibirizi. Wateja wa Ujiji wakahama wote. Mafundi wenzangu waliniwakia kuliko hata wavuvi. "Umetuchafulia ufukwe," wakasema. "Nani sasa ataamini rangi ya mtu yeyote?" Mmoja akaniambia wokovu wangu una kiherehere. Kazi ikawa kuziba viraka na kuchonga makasia. Felista alinilaumu siku tatu, siku ya nne akanipikia samaki wa mgebuka na kuniambia, "Angalau sasa naishi na mtu mmoja. Zamani mlikuwa wawili." Mulumba alifariki mwaka uliofuata.

Tangu hapo kila nilichouza nilitaja kasoro yake. Ubao huu una ufa. Huu ni mbichi. Hapa pataleta maji siku mbili, usinipigie kelele. Mteja mmoja alikasirika, "Sasa wewe unauza au unafukuza watu?" Lakini polepole wakarudi, siyo wote. Hasira yangu nayo imepungua. Haijaisha. Ninyi mnaonipita bila kusubiri marahaba mnaijaribu.

Rajabu hakurudi. Miaka yote hii nikikutana naye mjini au sokoni, namsalimu, "Rajabu, habari," naye anapita kama aliyepita ukuta. Nilikwenda tena kibarazani kwake mara mbili. Mara moja alinifungia mlango, mara nyingine hakuinua kichwa. Nilikuwa namwombea. Nilikuwa na wazo kwamba Mungu aliyenisamehe mimi hashindwi kumlainisha yeye, na ipo siku tutakaa kwenye magogo wazee wawili tucheke. Nilishaipanga mpaka maneno.

Mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, Rajabu alifariki.

Nilipanda gari mpaka Ujiji. Nikavaa kofia niliyonayo, nikakaa nyuma kabisa na wanaume wa mtaa. Walipotoa jeneza, watu wakaanza kupokezana kama ilivyo kawaida, huyu anabeba hatua chache anampa mwingine. Nikasogea. Nilitaka hatua tano tu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono aliposimama mbele yangu Idi, mwanawe mkubwa, mtu mzima, mwalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Idi. Pole, mwanangu."

"Mzee, unisamehe. Baba aliacha neno. Alisema fundi Damiani akija asifukuzwe, ila asishike jeneza."

Alisema kwa adabu, kwa sauti ya chini, macho yake yamejaa. Waliokuwa karibu walisikia. Nikashusha mkono. Nikasema, "Sawa, baba. Fanya alivyosema." Jeneza likaendelea, wanaume wakalifuata kwa haraka ile yao, nami nikabaki barabarani na vumbi.

Nilirudi Buzebazeba kwa miguu. Ni mbali kwa magoti yangu, lakini sikutaka kukaa na watu kwenye gari. Njiani nilijipima, maana nilijua ndipo mahali pake. Nilisema, Damiani, kama msamaha wako ulikuwa umeegemea siku ile ya kukaa kwenye magogo, sasa umeanguka, kwa sababu yule mtu amekwenda nao. Nikatembea nikisikiliza kama kuna kitu kinapasuka ndani. Nililia, ndiyo. Nimempoteza rafiki mara mbili, na mara zote mbili ni mimi. Hilo litauma mpaka nizikwe, na sitaki mtu aje kunifariji kwa kuniambia si kitu. Lakini nilipotafuta ile hofu ya zamani, hofu ya kwamba Mungu bado ananisubiri mbele, sikuikuta.

Nilifika kukiwa bado kuna mwanga. Nikakaa kitandani nikavua viatu, nikaomba. Sikumwomba anisamehe kwa ajili ya Hamisi. Nilimwombea Idi, ambaye siku ya kumzika baba yake alitumwa kumzuia mzee, na bado akaanza na shikamoo.